Kamba Haifugwi

Ntobeye, Ngara
31 Januari 1999

Consolatha,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mimi mzima. Goti la kulia tu ndilo kaidi, na bado halijakufikia wewe.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara tatu, juani, bila kumwita mtu anisaidie. Darasa la pili la Masista lilikuwa darasa kweli, siyo haya ya siku hizi mtoto anamaliza saba hajui kuandika jina la babu yake. Sasa nijibu. Umeandika kwamba umepata kazi Rufiji, kazi ya "kupima kamba wa baharini na kamba wa kufugwa." Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Nikaiokota tena. Maneno yalikuwa yaleyale. Kamba!

Mtoto nimemlea tangu ana miaka sita. Nimemsindikiza kwa miguu mpaka Rulenge na sanduku kichwani, kichwani kwangu, siyo kwake. Amesoma, amefika chuo, amepigwa picha na koti jeupe, picha nimeitundika jirani na Bikira Maria. Leo anaenda baharini kupima kamba. Kama ulikuwa na hamu ya kamba, si ungebaki hapa? Mimi nasokota kamba za katani tangu mama yako hajazaliwa. Kupima kamba kunahitaji chuo? Unashika ncha, unanyoosha mikono yote miwili, hiyo ndiyo pima moja. Nilikufundisha meno yako ya mbele hayajaota upya.

Na Kiswahili nacho kimekuharibikia huko. "Kamba wa kufugwa." Yewe! Ni kamba za kufungwa. Kamba inafungwa, haifugwi. Umesahau herufi moja, na kwa mtu wa chuo herufi moja ni aibu ya ukoo mzima. Barua hiyo sijamwonyesha mtu. Hapa wanajua mjukuu wangu ni daktari, na wataendelea kujua hivyo.

Jambo la pili. Watu wa Kanazi wamekuja kukuposa. Ni Emilian, yule fundi baiskeli wa pale sokoni, na mama yake Eustakia, na rubisi ya ndizi mitungi miwili. Rubisi ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Eustakia alikaa kwenye mkeka wangu kama ameusuka yeye, akauliza kama huko pwani hujaokota tabia mpya. Nikamwambia tabia zako ni zangu, hakukubakia nafasi ya kuweka nyingine. Emilian mwenyewe alisema "Shikamoo, Bibi" alipofika, na alipoondoka akasema mnyororo wa baiskeli ya jirani yangu Speciosa umelegea. Basi. Hiyo ndiyo hotuba yake yote.

Wanataka jibu siku ya Pasaka. Niwajibu nini? Andika upesi, na ueleze hiyo kazi ni ya nini hasa, ili nijue jinsi ya kuificha.

Ni mimi Bibi yako,
Nyirabahizi


Rufiji
24 Februari 1999

Bibi mpendwa, shikamoo.

Nimecheka mpaka Nyanda, yule Msukuma ninayefanya naye kazi, akaja kuangalia kama nimeumwa na mdudu. Bibi, sikusahau herufi. Ni kufugwa kweli.

Watu wa pwani wana kamba wawili. Kuna kamba ya kufungia mbuzi, hiyo unaijua kuliko mimi. Halafu kuna kamba mnyama, wa majini. Chukua senene, mwongezee miguu, mpe masharubu marefu kuliko mwili wake, mpindishe mgongo kama wewe unapopalilia maharage, kisha mtie kwenye maji ya chumvi. Huyo ndiye kamba. Ukimpika anageuka mwekundu, na nje ya nchi wanamlilia. Ndiyo maana naandika "kamba wanakula", siyo "kamba zinakula". Kiswahili changu kizima kabisa.

Shamba hili lina mabwawa kumi na mawili, na kamba wa kufugwa wanakaa humo. Lakini mama zao hawafugwi, wanavuliwa baharini na kuletwa hapa kutaga. Sasa kuna ugonjwa, kirusi, unaoua kamba tu. Mtu haumpati hata akila sahani nzima. Ila ukiingia bwawani, wiki haiishi, bwawa zima wanaelea. Na ubaya wake ni huu: kamba aliyetoka baharini anaweza kuwa nao na asionyeshe. Anakula, anaruka, masharubu yanacheza. Ukimtazama kwa macho unampitisha, naye ukimtia bwawani amewamaliza wenzake wote. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nakata kipande kidogo cha mguu wake, nakisaga, nakitia dawa, nakiweka kwenye mashine inayopasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, zaidi ya mara thelathini.

Utauliza mashine inafanya nini. Bibi, unakumbuka kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka tisini na nne, ulipokwenda kumtafuta dada yako? Kilima chote watu, laki juu ya laki, na wewe una jina moja tu mdomoni. Ukaanza kuliita. Mwanamke mmoja akakusikia, akaita na yeye. Mkawa wawili. Kila mmoja akapata mwenzake, mkawa wanne, mkawa wanane, mpaka jioni upande mzima wa kambi ulikuwa unaita jina moja, naye akatoka kwenye turubai akiuliza nani amekufa. Ndivyo mashine inavyofanya. Kirusi ni kidogo, hakionekani. Mashine inaiita alama yake, alama inakuwa mbili, nne, nane, mpaka inapiga kelele nami naiona. Na kama hakimo, hakuna anayeitika. Kimya.

Kila ninapopima, chupa moja ndogo natia maji matupu. Hiyo lazima inyamaze. Ikiitika, najua aliyechafua ni mimi na mikono yangu, nafuta yote naanza upya.

Sasa Kanazi. Waambie wasubiri, Bibi. Emilian nimemjua tangu kipaimara, na tangu siku hiyo ameniambia maneno kumi. Nimeyahesabu. Sita yalikuwa ya pampu. Sijui anawaza nini. Halafu nikiolewa Kanazi nitatakiwa nikalime Kanazi, na mimi kazi hii naipenda. Sitaki kuiacha. Ila Eustakia usimwambie kwa maneno yako, tafuta mengine laini kidogo.

Mjukuu wako,
Consolatha


Ntobeye
13 Machi 1999

Consolatha,

Barua hii analeta mtu. Isome umesimama.

Barua uliyopaswa kunijibu sijaipata hadi leo. Nilichopata ni hiki. Jana katekista Anatory alikuja hapa kofia mkononi, na Anatory havui kofia hata mvua ikiisha. Akasema umeletwa ujumbe kutoka kazini kwako kwa redio ya upepo ya parokia. Redio ilikuwa inakoroma, akaandika alichosikia, kisha betri ikafa, hakuweza kuuliza tena na mpaka leo haijafufuka. Kikaratasi ninacho. Kinasema hivi: "Consolatha amepima. Virusi vimeonekana. Pasaka haji. Anabaki na kamba mpaka mwisho."

Nimekisoma mara tatu, juani.

Mtoto wewe, hiyo kamba itupe. Sikuombi, nakuamuru. Kama ni ile niliyoisokota mimi ya kufungia sanduku lako, ichome moto, nitasokota nyingine. Nilikugombeza kwa sababu ya kupima kamba. Nafuta. Pima. Pima kamba za dunia nzima ukitaka, Bibi yako atasema ni udaktari. Ila hiyo moja iache.

Virusi siyo mwisho wa mtu. Speciosa jirani yangu anavyo, huu mwaka wa nne, na analima kunishinda, na kwenye kwaya anaimba juu kuliko wote, kwa bahati mbaya yetu sisi tunaokaa benchi la mbele. Utakuja hapa, utakula maharage yangu, utalala kitandani kwangu, na atakayekutazama vibaya nitamtazama mimi. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, mmoja ndiye mama yako. Mjukuu sijazika na sina mpango wa kuanza.

Eustakia anapikia mapadri, kwa hiyo maneno ya redio aliyasikia kabla yangu. Nilipokwenda kisimani watu wakaniamkia kwa sauti ya chini kama matanga. Akaja hapa na mtandio begani, akasema, "Pole sana, mama. Mungu ndiye mpangaji. Sisi itabidi tutafute kwingine."

Nikamuuliza, "Mmepoteza nini hata mtafute?"

"Usikasirike, mama. Mtoto wangu ni mmoja tu."

"Na wangu wako wangapi? Mjukuu wangu akiumwa anaumwa, hajageuka mbuzi wa mnadani kwamba mmemfunua meno mmemrudisha. Rubisi yenu tumeshakunywa, kwa hiyo siwezi kuirudisha. Njia ile pale."

Hakupata muda wa kuitumia. Emilian aliingia na baiskeli, jasho tupu, hakuamkia mtu. Akasema, "Bibi, niandikie barua. Naenda."

Mama yake akapiga kelele, "Unaenda wapi?"

"Kwa Consolatha."

"Hujasikia ana nini?"

"Nimesikia. Nimesikia na kamba."

Consolatha, huyu mtu maishani mwake hajavuka Biharamulo. Amempa rafiki yake vifaa vya ufundi vyote amtunzie. Kesho anapanda pale Benaco, waende kwa msafara na askari kwenye ule msitu wa majambazi, afike Kahama, huko mbele atauliza. Nimemwambia pwani ni mbali. Akasema barabara inaonekana.

Akifika kabla hujafanya ujinga, mpe maji ya kunywa. Akifika umeshafanya, nitakuja mwenyewe kukugombeza huko uliko, na goti hili hili.

Bibi yako,
Nyirabahizi


Rufiji
20 Machi 1999

Bibi yangu, shikamoo. Shikamoo mara mia.

Mimi mzima. Kaa chini. Mimi ni mzima, sina virusi, sina kamba ya sanduku wala ya kitu kingine. Waliopimwa ni wale wanyama wa majini niliokueleza kwenye barua ya Februari, ambayo naona bado inatembea. Kamba ni wadudu, Bibi! Ukiipata hiyo barua utaelewa vizuri, lakini kwa sasa amini: kama senene, mwenye masharubu, anaishi majini, anaitwa kamba. Ujumbe niliotuma ulikuwa huu: "Nimepima. Virusi vimeonekana kwa kamba mama waliotoka baharini. Pasaka siji. Nabaki na kamba mpaka mwisho wa kupima." Redio imekula wanyama wote ikaniacha mimi na ugonjwa wao.

Nikueleze kilichotokea. Wavuvi walileta kamba mama arobaini, wanene, wazuri, wanaruka ndooni. Meneja akasema watiwe kwenye matangi watage. Nikakataa mpaka nipime. Nikawapima kwa makundi, na kundi moja likaitika. Chupa ya maji matupu kimya. Meneja akaja akawatazama: "Hawa wanaumwa wapi? Tazama wanavyocheza!" Nikamwambia sitazami wanavyocheza, nipe siku chache, narudia. Nilikuwa naogopa, Bibi. Kama nimekosea, natupa kamba wazima wote na kazi yangu juu yake. Nikarudia, mmoja mmoja. Sita wana kirusi. Maji matupu kimya tena. Basi ikabidi wote waliokaa ndoo moja na hao sita wauawe na kufukiwa na chokaa, siku ileile Emilian alipofika.

Mlinzi ndiye amenihadithia. Anasema alitokea mtu getini, mwekundu kwa vumbi kutoka kichwa mpaka kiatu, akasema, "Nimekuja kuchukua kamba."

"Kilo ngapi?"

"Moja tu. Ile aliyonayo Consolatha."

"Moja? Consolatha anao maelfu, kaka."

Emilian akashika geti. "Maelfu ya nini?"

"Ya kupima. Ila leo hapimi. Leo anaua."

Hakungoja geti lifunguliwe, Bibi. Aliliruka. Mlinzi akapuliza filimbi, Nyanda akakimbia na fimbo, mbwa wawili nyuma yao, na mimi niko chini kwenye shimo la chokaa na mabuti mpaka magotini, nimeshika kamba mmoja mgongoni, masharubu yananitambaa mkononi. Nasikia sauti juu yangu: "Tupa!"

Nikashtuka hata ndoo ikaanguka.

"Emilian?"

"Tupa kamba, Consolatha! Iko wapi?"

Nikamwinulia. Sikuwa na la kufanya. Alimtazama kamba, na kamba, unajua macho yao yamekaa kwenye vijiti, akamtazama yeye.

"Hii?" akasema.

"Huyu," nikamjibu.

Alikaa chini kwenye matope. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona ni vyote viwili. Nyanda akashusha fimbo. Mbwa wakamlamba vumbi. Baadaye akanipa barua yako, nikaisoma nimesimama kama ulivyoamuru, nilipofika penye goti nikakaa.

Jioni nilimuuliza: "Ungefika ukakuta ni kweli ninavyo, ungefanyaje?"

"Ningekaa."

"Muda gani?"

"Sikukata tiketi ya kurudi."

Bibi, kumbe anaongea: magari matatu na lori la chumvi aliyopanda kuja huku, yote nimehadithiwa. Yuko hapa siku ya tatu, maneno hayaishi, naona alikuwa anayatunza. Analala kwa Nyanda. Mabwawa yetu kumi na mawili nimeyapima yote: kimya, kimya, kimya. Tumepona. Meneja sasa ananiita "daktari", kwa hiyo mjukuu wako ni daktari kweli, waambie.

Kwa wafugaji hapa kila mtu anazunguka mabwawa kwa baiskeli, na maji ya chumvi yanazila baiskeli kama mchwa. Tangu afike ametengeneza saba. Meneja amemuuliza kama atabaki. Ameniuliza mimi kama abaki.

Waambie Kanazi ni ndiyo, Bibi. Lakini ni ndiyo ya hapa. Mimi kazi siachi, yeye anakuja. Najua mama yake atasema nini. Safari hii tumia maneno yako.

Consolatha


Ntobeye
6 Aprili 1999

Consolatha,

Umenitia aibu na umenitia furaha, na sijaamua nianze na ipi. Tuanze na aibu. Mtu mwenye akili anatumaje neno "virusi" kwa redio ya upepo, mkoa huu wa Kagera, bila kutaja ng'ombe au mbwa au huyo senene wako mbele yake? Wewe mdudu unampima mara mbili ndipo useme. Hapa watu hawakuniuliza hata mara moja, walikuwa wameshapanga nani atapika kwenye matanga. Nimemwambia Anatory hivyo kanisani, na sikunong'ona.

Barua yako ya pili imefika Alhamisi Kuu. Ile ya kwanza imefika Jumamosi, imezunguka huko nchini, kona zote zimelika. Nimezisoma zote. Hapo kwenye Benaco nilisoma polepole. Ni kweli tuliita hivyo. Dada alitoka na mwiko mkononi, akanigombeza kwa nini namtia aibu mbele ya watu. Basi kama mashine yako inafanya hivyo, nimeielewa, na atakayeniambia ni kazi ya mchezo nitamweleza mimi.

Sasa Pasaka. Eustakia alikuja baada ya misa. Nilijua atakuja, mwanawe ni mmoja. Alikuja na watu wa ukoo kama ishirini, na mtungi, anajichekesha. Nikawakalisha. Nikasimama katikati na kusoma barua yako kwa sauti, neno kwa neno, mwenyewe. Nilipofika geti lilivyorukwa, wazee walikuwa wanashikana mabega. Nilipofika "Huyu", Speciosa alilala kwenye majani akaomba nisimame kidogo apumue. Mzee mmoja wa Kanazi akauliza kama huyo kamba ana nyama au ni ganda tupu. Nikamwambia analiwa na wazungu, ajibu mwenyewe.

Nikafika mwisho, pale unaposema ndiyo. Wakapiga makofi. Nikainua mkono. Nikasoma na ile ya "ndiyo ya hapa".

Kimya. Kama chupa yako ya maji.

Eustakia akasema, "Hapana, mama. Hapo hapana. Mwanaume hamfuati mwanamke. Tangu lini? Mke ndiye anayehamia kwa mume. Watu watasema mwanangu ameolewa."

"Eustakia, mwanao amepanda magari matatu na lori la chumvi, amepita msitu wa majambazi, amekimbizwa na mbwa wawili. Hiyo yote alikuwa anaelekea kwa nani? Kwako?"

"Alikwenda kuokoa mtu."

"Basi aliyeokoa anakaa na alichookoa. Wewe ulitaka kutafuta kwingine. Yeye hakutafuta. Alienda palepale. Kati yenu wawili nani anajua kuchumbia?"

Wazee wakaangalia chini, lakini mabega yao yalikuwa yanacheka. Eustakia akavuta mrija, akanywa. Akavuta tena. Nilimwonea huruma kidogo, usimwambie. Nami nilikutoa nikakupeleka mbali kwa miguu yangu mwenyewe, najua kifua kinavyokuwa siku hiyo. Nikasogea nikakaa naye kwenye mkeka, goti likapiga kelele, nikaliacha lipige.

Akafuta mdomo. Kisha akaniuliza taratibu, asisikiwe na wengine:

"Huko baiskeli ni nyingi kweli?"

"Nyingi," nikamwambia, "na zote mbovu."

Akaweka mrija chini, akasimama, akapiga kigelegele.

Ni mimi Bibi yenu,
Nyirabahizi